Mama Mkwe Ndani ya Pango

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, bila upepo.

Siku kama hiyo pango hujaa, maana watu wakikosa pa kwenda ndipo hukikumbuka kilima cha chokaa. Mtembeza wageni, mwanamume wa miaka hamsini ambaye kila mtu alimwita Popo, alikuwa akifuta kofia ngumu na kuzipanga mezani. Mkata tiketi akamchungulia kupitia kidirisha chake.

"Popo, leo jichunge. Kundi la pili lina mkweo."

"Mkwe gani?"

"Kwani unao wangapi? Mama wa mkeo. Nimemwambia aingie bure, kakataa. Kalipa kama watu wengine."

Popo akaacha kufuta kofia. Mkewe alikuwa kwa mama yake wiki ya tatu sasa. Hawakupigana, wala hapakuwa na mwanamke wa nje. Alisema tu amechoka kuishi na gogo: mtu anashinda akiwachekesha wageni, jioni akifika nyumbani anakula, anafuta mdomo, analala. Na mama yake hakuwa mtu wa kupoteza siku akitazama mawe. Alikuja kumpima mkwe, ajue binti arudi au abaki.

Balaa jingine lilikuwa ndani. Watembezaji huyabandika mawe majina ili wageni wayakumbuke. Popo alikuwa na Tembo, alikuwa na Mapazia, na katika chumba cha mwisho alikuwa na jiwe nene lililoning'inia, lenye kitu kama mdomo, likidondosha maji usiku na mchana. Hilo aliliita Mama Mkwe. Hakuna kundi lililopita pale bila kucheka.

Kundi la pili lilipofika, Popo akamwamkia mkwewe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Fanya kazi yako, usinijali."

Akawaongoza. Alieleza jinsi maji ya mvua yanavyopenya nyufa za kilima, yakiyeyusha chokaa kidogokidogo, na jinsi yanavyoacha chembe ya chokaa kwenye dari kabla ya kudondoka. Hivyo ndivyo jiwe linavyokua. Maneno yalimtoka vizuri. Lakini walipofika chumba cha mwisho akapitisha taa juujuu tu, akageuka kuwarudisha.

"Ebo! Na yule mama mkwe yuko wapi?" akauliza dereva mmoja mnene aliyewahi kuja. "Mara ile nilicheka mbavu zikauma. Mke wangu nimemleta kwa ajili yake!"

Popo akaona hana pa kutokea. Akamulika. "Ndiye huyu."

Tone likaanguka, likafuata jingine. Mama mkwe akasogea, akainua uso.

"Kwa nini mimi?"

Watu wakageuka kumtazama. Ndipo dereva alipoelewa, akajibanza nyuma ya mkewe, naye mkewe mwembamba kama ufito.

"Hanyamazi, mama," Popo akasema.

"Hm." Akaazima taa ya mtu wa jirani, akamulika upande wa pili, penye jiwe la kijivu, kavu kama mfupa. "Na yule asiyetoa hata tone, ni nani? Au mawe ya wanaume hayapewi majina?"

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Popo akangoja vitulie.

"Lile njia yake ya maji iliziba huko juu," akasema. "Halikui tena."

"Linazibuka?"

"Jiwe? Hapana, mama."

"Sijauliza jiwe."

Popo akageuza taa, akawaongoza kutoka. Nje, mama mkwe alimrudishia kofia, akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa.

"Kumbe maneno unayo. Nilidhani mwanangu kaolewa na bubu. Basi sikiliza: sitamwambia arudi, wala sitamwambia abaki. Kusema ni kazi yako. Mlango wangu haufungwi mchana."

Kesho yake asubuhi Popo alimwachia mkata tiketi kundi la kwanza, naye mkata tiketi akalalamika kuwa yeye gizani hata jina lake hulisahau. Popo akapanda basi hadi kwa mama mkwe. Mkewe alikuwa kibarazani akichambua mchele. Popo akaketi kwenye ngazi. Kisha akaanza kumsimulia habari za dereva mnene aliyejificha nyuma ya mke mwembamba. Mkewe akacheka bila kuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Halafu?" akauliza.

Popo akamweleza na yaliyofuata, hata habari za lile jiwe kavu.