Mashine ya Dubai na Brashi ya Issa

Siku yangu ya kwanza kazini sikufanya kitu ila kukaa gizani. Bwana Vinod, mwenye studio, Mhindi aliyezaliwa palepale mtaani Mchafukoge, alinionyesha kiti kwenye chumba cha giza, akafunga mlango, akasema akiwa nje, "Asha, kaa humo mpaka ulizoee." Nilikuwa msichana mgeni kutoka Newala, nikasema leo nimekwisha. Baadaye nikasikia mkewe, Mama Hansa, akigombana naye: "Mtoe mtoto wa watu anywe chai!" Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kusafisha picha.

Nyie wa simu hamuijui kazi hiyo. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mkanda ukishatoka kwenye dawa, tulipitisha mwanga juu yake ukaangukia kwenye karatasi, kisha karatasi tukailaza kwenye trei ya dawa nyingine. Hapo sura inakuja polepole, kwanza nyusi, halafu macho. Mwanga ukizidi, uso unatoka mweusi tii, humjui mtu. Kwa hiyo wakati mwanga unashuka niliukinga uso kwa kiganja, mweusi zaidi namkinga zaidi, kila mtu kwa kiasi chake. Kiganja changu kimepita juu ya nyuso za nusu ya Kariakoo.

Aliyetaka rangi alipelekwa kwa Issa. Huyu alitoka Masasi, mpole, na kazi yake ilikuwa kupaka picha rangi kwa brashi nyembamba. Anamwuliza mteja gauni lilikuwa la rangi gani, anaandika kichwani, basi. Siku moja nilimtania, "Issa, bibi harusi huyu umempendezesha kuliko alivyo." Hakuinua hata kichwa. "Mumewe ndivyo anavyomwona," akasema. Jamani, nilimpenda palepale. Sikumwambia.

Ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa bidhaa mpaka barazani, na kila mtu mtaani akawa anakwenda Dubai au ana shemeji anayekwenda. Watu wakataka picha za rangi, zitoke siku hiyohiyo. Wateja wetu wakaanza kutupita wakielekea Msimbazi, ambako jamaa mmoja alikuwa ameshafunga mashine ya kutoa picha za rangi. Bwana Vinod akaona naye anunue. Wakala wa mjini alikuwa akiziuza pamoja na vipuri na fundi wa kufundisha, lakini Dubai ilipatikana iliyotumika kwa nusu ya bei, bila fundi.

"Rahisi inavunja upishi," Mama Hansa alimwambia.

"Upishi gani, mama? Hii mashine, si biriani."

Mimi nilimtazama Issa. Mashine inatoa rangi yenyewe; mwenye brashi atafanya nini? Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Tulipokuwa tunafunga duka akaniambia, "Asha, mashine ikishuka bandarini, mimi napanda basi la Masasi." Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Watu wote walikuwa wakiiombea mashine ifike salama, na mimi, Mungu anisamehe, niliiombea izame.

Haikuzama. Ilifika, na ile nusu ya bei aliyookoa ikaanza kuvuja. Kulikuwa na ushuru, na gharama za kuitoa bandarini. Umeme wetu wa kupanda na kushuka ukahitaji stabilaiza, la sivyo mashine ingeungua. Karatasi zake hazikuuzwa duka lolote mjini; ilibidi ziagizwe kulekule Dubai. Bwana Vinod akawa analipa huku anajikuna kichwa, lakini bado alikuwa na furaha. Kipya kinyemi.

Siku ya kuiwasha alitupanga mlangoni, mimi, Issa na Mama Hansa katikati na sari yake nyeupe, akatupiga picha. Tukasimama mbele ya mashine kama watu wanaosubiri mkate. Picha ikatoka. Mama Hansa anang'aa. Sari inang'aa. Kushoto kwake kuna shati la Issa na meno yake, kulia kuna gauni langu. Sisi wenyewe hatupo. Mashine ilikuwa imeona weupe mwingi wa sari, ikadhani kila kitu kina mwanga, ikaongeza giza mpaka sisi weusi tukamezwa.

Bwana Vinod akajaribu tena na tena. Mwisho akakaa juu ya kasha la mashine, uso umemshuka. "Nimenunua kitu kisichowaona watu wangu," akasema.

Issa aliichukua ile picha ya kwanza, akaenda mezani kwake, akachanganya rangi za mafuta. Rangi ya mwili wake si yangu. Mimi mweusi wa kung'aa, yeye maji ya kunde. Akatupaka taratibu, paji, mashavu, midomo. Alipomaliza akaipuliza. "Sasa tupo."

Bwana Vinod akaishika kwa ncha za vidole. "Lakini siwezi kukupa kila picha uipake, Issa. Watu wanataka siku hiyohiyo."

"Naelewa, bosi. Ndiyo maana naondoka."

Sijui sauti niliipata wapi. "Haondoki mtu hapa! Mashine si ina vitufe vya giza na vya rangi? Issa akae nami. Yeye aitazame sura, mimi nibonyeze!"

Mama Hansa akanitazama, akaanza kutabasamu. "Vinod, msikilize huyu binti. Hatetei mashine peke yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Issa akacheka mpaka akaiangukia meza, na basi la Masasi likaenda bila yeye.

Tuliharibu karatasi nyingi kabla ya kuielewa. Tukakaa bega kwa bega mbele ya mashine ile mpaka ikazeeka. "Punguza wekundu," Issa ananiambia. "Mwongezee bibi huyu mwanga." Watu wa Mchikichini na Msimbazi wakarudi, wakisema kwa Vinod sura zinatoka. Siku ya ndoa yetu Mama Hansa ndiye aliyenipaka hina. Wenzake walipomwuliza Bwana Vinod kama kununua nje kulimwokolea pesa, alijibu bila haya: "Hapana. Lakini nilibaki na watu."

Sasa studio imefungwa, mashine imekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Juzi mjukuu wangu Zuhura kaja na simu, anataka kuagiza printa ya picha kutoka China.

"Wino wake unauzwa wapi?" nikamwuliza. "Ikigoma, fundi yuko wapi? Ushuru umeuliza?"

"Bibi, ina ofa!"

"Hata ile ilikuwa na ofa, mwanangu. Uliza kwanza."

Ile picha ya siku ya kwanza ipo ukutani chumbani kwetu. Karatasi ya Dubai imepauka. Sari imekuwa manjano, mlango wa studio hauonekani tena, na maskini Mama Hansa amebaki kivuli. Nyuso mbili tu ndizo zilizokataa kufifia, zile za brashi. Issa haioni tena, mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Lakini asubuhi, kabla sijamletea chai, huelekeza uso ukutani akaniuliza.

"Asha, bado tupo?"

"Tupo, Issa. Tupo."