Visheti vya Kununua

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningejitia, maana aibu niliyoipata mimi Zuhura, mtu mzima wa Michenzani, mbele ya benchi zima la ofisi ya ardhi, ilitosha watu watatu.

Mwanangu Rahma alikuwa ameposwa na Haroub, kijana wa Mpendae, na kwao walisema ana nyumba yake mwenyewe. Kabla ya kujibu posa ni lazima tuulizie, na kazi hiyo angeifanya kaka yangu kimyakimya, lakini mimi (kimbelembele changu mnakijua) nikasema nakwenda mwenyewe kutazama kwenye majalada, na ili nisijulikane nikaazima nikabu ya mpwa wangu, mimi ambaye sijawahi kuivaa hata siku moja.

Nikajaza fomu, nikakaa kungoja. Pembeni yangu alikuwepo bibi mwingine wa nikabu, ana mafua, sauti imemkauka. Akaniuliza nimefuata nini, na mimi kwa kuwa sionekani uso nikafungua mdomo kama bomba.

"Nnamchunguza mkwe," nikamwambia. "Mama yake kutwa nyumba ya mwanangu, nyumba ya mwanangu! Na siku aliyokuja kwetu, visheti sahani nzima kamaliza peke yake."

"Ehee," akasema taratibu. "Ulipika wewe?"

"Wapi! Nlinunua sokoni Darajani, nikamwambia nimepika mwenyewe." Nikacheka mpaka nikabu ikanipanda puani.

Karani akatoka na majalada mawili. "Nani anaulizia nyumba ya Haroub, Mpendae?" Nikasimama. "Ni yake, hati safi. Na nani anaulizia fleti ya Bi Zuhura, Michenzani?"

"Zuhura ni mie!" nikaropoka, nimesahau kabisa kwamba nimejificha. "Nani anayeulizia nyumba yangu?"

Yule bibi wa mafua akasimama, akafunua uso. "Mie," akasema, "mla visheti."

Mama yake Haroub! Na karani naye, bila huruma, akaendelea kusoma kwa sauti kwamba fleti yetu bado imeandikwa jina la marehemu baba yangu, mimi niliyekuwa nikijigamba kwamba hati ninayo kabatini. Benchi zima likaangua kicheko, na mwenzangu akaondoka bila hata kwaheri.

Nyumbani Rahma alilia. "Mama, posa hii ikivunjika, sitokusamehe." Siku tatu hawakutuma neno, na mimi chakula hakipiti, kwa sababu mtoto anampenda yule kijana na kosa ni langu peke yangu.

Siku ya nne akaja dada yake Haroub na sahani imefunikwa kawa. "Mama anakusalimu, visheti hivi kapika mwenyewe. Na anauliza, jibu la posa mpaka lini?"

Vilikuwa vitamu, vitamu vya kuudhi. Sasa sahani ya watu hairudishwi tupu, na safari hii sikuthubutu kwenda Darajani, nikakanda unga mwenyewe. Vya kwanza viliungua, vya pili nikavipeleka Mpendae, uso wazi, pamoja na ndiyo yetu. Tangu siku hiyo nimeapa, akiposwa mdogo wake Rahma, ataulizia kaka yangu, mie nitakaa kwangu.

Mama yake Haroub alichukua kisheti kimoja, akakitafuna muda mrefu, akanitazama.

"Hivi kweli umepika wewe," akasema.