Mstari Uliorudiwa

"Umeiunguza wewe, Munazza," Mustansir aliniambia mbele ya wateja. "Kabla ya alasiri uwe ushakusanya vitu vyako."

Miaka kumi na tisa nimelehemu bodi katika karakana ile ya Mji wa Kale. Skuli sikwenda. Kazi nilifundishwa na babake Mustansir, marehemu Ishakbhai. Sasa bodi ya friji, ya muuza nyama wa Tudor, ilikuwa imekataa kuwaka, na Khubaib, fundi mpya mwenye vyeti, alisema chipu ya kumbukumbu niliyoibadilisha imekufa.

"Nionyeshe ilivyokufa," nikamwambia.

Aliunganisha bodi na kompyuta kwa waya, akaandika namba kwenye kumbukumbu, akazisoma tena. Zikarudi takataka.

"Waona, khala? Maiti huyo."

"Umeiamsha kwanza?"

Akacheka. "Kwani imechelewa skuli?"

Nikatoa mkobani karatasi ya amri aliyoniandikia Ishakbhai. Bodi iliyo nzima ikiwaka, programu yake ya mwanzo ndiyo huiamsha kumbukumbu. Hii programu yake ilikuwa imefutika, na sisi twaingia kwa waya. Yabidi uiamshe kwa mkono, mstari kwa mstari, ndipo uandike kitu.

"Msomee," Mustansir akamwambia Khubaib, jicho kwenye saa. "Tumalize mchezo huu."

Khubaib akasoma, nami nikaandika kwa kidole kimoja. Tukajaribu. Takataka.

"Si nilisema!"

Nikaihesabu mistari kwenye kioo cha kompyuta: kumi. Ya karatasi ni kumi na mmoja.

"Umeruka mmoja."

"Wa saba ni sawa na wa sita. Mzee alikosea, akaurudia."

"Hakukosea. Amri ile hutolewa mara mbili."

Nikazima, nikawasha, nikaanza upya. Nje, mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti cha msikiti. Mstari wa kumi na mmoja. Nikaandika namba, nikazisoma. Zikarudi vile vile, zote.

"Mashallah!" Mustansir akampiga Khubaib begani. "Maliza basi, mwanangu, mwenye friji yuaja."

"Na mimi, Mustansirbhai? Nimeunguza nini?"

"Wewe rudi kwenye lehemu yako. Yamekwisha."

Hayakwisha. Nikachomoa waya wa umeme. Kumbukumbu ikasahau yote, hata kuamshwa. Karatasi nikaikunja, nikaitia mkobani pamoja na pasi yangu ya kulehemu.

"Haya, mwanangu," nikamwambia Khubaib. "Iamshe."

Adhana ya alasiri ilinikuta nishatoka kichochoroni.