Hewa ya Kupulizia Kanzu Nyeupe

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Firq, nje kidogo ya Nizwa, Omani, nilipewa ufagio. Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kwisha, mie nimetoka Tabora na darasa la nne langu, Kiarabu changu cha kuombea maji tu. Nawaambieni haya nyinyi mlio na vyeti ukutani: aliyeshika ufagio ule ndiye aliyekuja kusimamia hewa ya karakana tatu, Firq, Sur na Ibra, na hakuna muhandisi wala mkubwa aliyepata kunirudishia kazi yangu niifanye upya. Isipokuwa mara moja.

Msimamizi wetu alikuwa Mzanzibari wa mjini, Kiswahili chake laini, ulimi wake wembe.

"Wewe wa bara," aliniambia, "hiyo inayonguruma ni kompresa. Inavuta hewa, inaibana ndani ya tangi. Hewa ikibanwa hutoa maji, kama nguo ikikamuliwa. Maji yale yakifika kwenye rangi ya gari, rangi inafanya malengelenge. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Fundi."

"Hujafahamu. Njoo."

Akatungika msumarini kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akashika mpira wa hewa, akaipulizia kifuani. Ikabaki nyeupe vilevile.

"Hewa usiyothubutu kuipulizia kanzu yako, usiipeleke kwenye mashine ya watu. Sasa umefahamu."

Ufagio niliuweka chini mwaka wa pili. Nikajua filta, lile bakuli la kioo lenye kitambaa kizito ndani kinachonasa mafuta na vumbi. Nikajua draya, mtungi wa chuma uliojaa chembe kama ushanga: zikiwa kavu ni za buluu, zikinywa maji hugeuka waridi. Nikajua koki ya chini ya tangi, inayofunguliwa kumwaga maji. Pale Firq tuliifungua Jumamosi asubuhi, mara moja kwa wiki, basi. Ukavu wa Nizwa ulitudekeza.

Katikati ya miaka ya themanini kampuni ikafungua karakana Sur, ikaleta mashine ya plazma, inayokata chuma kwa moto unaosukumwa na hewa. Nikachaguliwa mie kuwa mkuu wa hewa. Nilimchukua mke wangu, nikawatangazia Firq nzima kwamba mkinitafuta, ulizeni bosi wa Sur. Msimamizi alicheka tu. "Taban, bila shaka, bosi. Kanzu unayo?"

Kompresa niliiweka mwenyewe, upande wa bahari, kivulini kwa tangi la maji ambapo watu wakitawadha. Mahali baridi, nikajisifu, mashine haitachemka. Koki nikaifungua kila Jumamosi, kama Firq.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Tulikuwa na kazi ya kukata mabamba ya masanduku ya barafu, ya magari ya samaki ya mji wa Ashkhara. Ncha ya shaba ya mashine, iliyotakiwa kudumu siku kadhaa, ikawa inalika kabla ya adhuhuri. Mkato ukatoka na meno kama msumeno. Mudiri wa Sur, mkuu wa karakana, mtu asiyepaza sauti, akaniita.

"Ya akhi, Jumamosi mkato uwe safi. Ukiwa si safi, mashine nairudisha kwa wakala na wewe nakurudisha Firq. Ufagio wako bado upo, nimeuliza."

Nilimwambia hewa ina maji kwa kosa la chembe za draya, wametuuzia mbovu. Na kweli zilikuwa waridi zote, na nyingine za kubadilisha hatukuwa nazo. Nikazibeba kwenye sinia la bati hadi kwa mwenye nyumba wetu, Bi Salma, bibi wa asili ya Pemba, aliyekuwa na tanuri la uani asilolipikia tena.

"Shikamoo, Bibi. Naomba moto."

"Marahaba. Mwanangu, unaoka ushanga? Mkeo kakununia?"

Nilizitia moto ungali mkali. Sinia la kwanza likapasuka chembe zote, zikawa nyeusi kama bizari iliyoungua. Bi Salma akanisukuma kando. "Una pupa kama moto wako. Ngoja makaa yafe." Sinia la pili likarudi buluu polepole, na mie nikaruka kama mtoto.

Kesho yake saa nne zilikuwa waridi tena.

Nilirudi uani kwake, nikakaa chini. Akaniuliza, "Hiyo hewa yenyewe mnaivutia wapi?"

"Upande wa bahari, Bibi, kivulini, penye tangi la maji."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kanga yangu nikiianika upande huo siku mbili haikauki! Sie Sur twaanika juu ya dari, upande wa bara. Wewe kutwa wainywesha mashine ukungu na maji ya udhu, halafu wazisingizia chembe za watu?"

Wallahi, ile ndiyo siku niliyosomeshwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa mudiri. "Chembe si mbovu. Kosa ni langu, mahali nilipachagua mimi." "Basi hamisha," akasema.

Tulifanya kazi Alkhamisi na Ijumaa, wenzetu wamepumzika. Bomba la kuvutia hewa likapanda juu ya dari, upande wa bara. Koki nikaapa kuifungua kila ikiadhiniwa, si kila wiki, na kila ikifunguliwa ilitema maji ya kujaza birika. Chembe nikazioka mara ya tatu, kwa makaa yaliyokufa.

Jumamosi Msimamizi alikuja kutoka Firq, mudiri kamwita. Hakuniamkia. "Kanzu," akasema. Nikatungika yangu ya Idi. Akapuliza kifua, mikono, shingo. Haikuingia doa. Ndipo mashine ikawashwa, na mkato ukatoka laini, unaupitisha kidole.

"Kumbe wa bara unajua kufua," akasema.

Sur nilikaa hadi watoto wangu wawili wakazaliwa pale.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya mwisho walinifanyia kahawa na halwa Firq, kwenye karakana ile ile, ambayo sasa ina mashine ya leza. Hiyo ina deko kuliko plazma: tone moja la mafuta kwenye lenzi, lenzi imeungua. Mkuu wa hewa ni binti muhandisi wa Ibra. Alinionesha skrini inayopima ukavu.

Nikavuta ukingo wa kanzu yangu.

"Ammi, skrini inasema kavu."

"Nimesikia. Mie nataka isemwe na nguo."

Akacheka, akanishika mkono. "Ya kwako usiichafue leo." Akavua koti lake jeupe la kazi, akalitungika kwenye msumari ule wa zamani, akashika mpira wa hewa mwenyewe.

Likabaki jeupe. Nikanywa kahawa yangu, nikaenda nyumbani.