Mapigo Sita ya Sombe

Tu, tu, tu, TUU, tu, tu. Michi yetu ikitwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba, pale Uvira, bado naisikia. Mapigo matatu mepesi, moja zito la kugeuza majani, mawili ya kukusanya yaliyorukia pembeni. Shangazi alianza, mimi nikajibu, zamu kwa zamu. Kwa hiyo lile zito liliniangukia mimi.

Shule niliiacha mapema, lakini ndoto sikuiacha: siku moja nitangaze safari za ndege kwa Kiingereza. Nikajiunga na kozi ya jioni ya Kiingereza kwenye salle, ukumbi wa parokia. Siku ya kufunga kozi, mmoja wetu angesoma hotuba mbele ya wazazi. Mwalimu akanichagua mimi, kwa sharti moja: nitamke vizuri "responsibility". La sivyo, hotuba ingeenda kwa mwingine.

Ulimi ukakataa. Nilikandamiza palepale tunapokandamiza maneno ya kwetu: responsibi-LI-ti. Nikijirekebisha, Kifaransa cha shule kilinivuta mpaka mwisho: responsibili-TI.

"Dada, hilo neno unalisema ao unalibeba?" wenzangu wakacheka.

Mwalimu akalikata ubaoni: re, spon, si, bi, li, ti. "Responsible peke yake, uzito uko kwa spon. Ukiongeza mkia, uzito unahamia bi."

Kichwa kikaelewa. Mdomo, hapana.

Siku moja kabla ya sherehe nilikuwa natwanga na shangazi, nikinung'unika neno langu. Kwenye "li" nikashusha mchi kwa nguvu, zamu ikiwa yake. Michi ikagongana, sombe ikaturukia usoni.

"Weye! Unatwanga na miye ao na bazungu?" akasema, akijifuta. "Yako ni ile ya kugeuza!"

Tukaanza upya. Re, spon, si, BI! Majani yakageuka. Li, ti. Nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Kesho yake salle ilijaa. Nilipofika kwenye neno lile, mikono yangu ikashika mchi usiokuwepo, na neno likatoka zima. Nyuma kabisa, shangazi akapiga vigelegele.

"Eh! Mutoto yetu anatwanga Kizungu!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikasoma mpaka mwisho, sauti juu.

Jioni, wageni waliokuja nyumbani kunipongeza walipoondoka, nilienda nyuma ya nyumba peke yangu. Kinu kilikuwa kimeoshwa. Nikachukua mchi, nikatwanga mara sita bila jani hata moja.