Aya ya Tano: Asali ya Mzee Malunde

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku yangu ya kwanza ya kazi, Karani Mkuu wa mahakama ya Nzega alinikabidhi kalamu, kidau cha wino na rejista, yaani daftari kubwa la kuandikisha kesi. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la nane na shati moja jeupe.

"Unajua kazi ya karani?" aliniuliza.

"Kuandika, mzee."

"Kuandika anachosema mtu. Usiongeze, usipunguze. Ukipunguza neno la mtu umemwibia."

Nilikaa naye miaka mitatu. Nilijifunza kufungua jalada, kuandaa hati ya wito, yaani karatasi ya kumwita mdaiwa mahakamani, na kupanga nyaraka kwa tarehe. Jioni nilisoma vitabu vya sheria vilivyochakaa ambavyo mahakama ilikuwa imevitupa stoo. Hakuna aliyenifundisha. Kilichokosa kurasa nilikisoma hivyo hivyo.

Kisha nikahamishiwa Kaliua. Kesi nyingi huko zilikuwa za mizigo iliyopotea stesheni na ng'ombe walioingia mashamba ya watu. Hakimu wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alisoma maelezo niliyomwandikia mjane mmoja, kurasa nne, akanirudishia.

"Huyu mama ameulizwa kama ng'ombe ni wake. Habari za mahari zimefuata nini humu?"

"Ndivyo alivyosema, mheshimiwa."

"Alisema kwako. Mahakamani si lazima aseme yote."

Nilimwona mvivu wa kusoma. Ningemsikiliza, nisingekuwa na la kusimulia leo.

Tabora nilifika wakati watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa. Mahakama ya wilaya ilikuwa na utaratibu wa maandishi: mdaiwa akipokea wito alipewa siku ishirini na moja kuleta majibu ya madai, aya kwa aya. Asiyejua kuandika alisaidiwa na karani. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mzee Malunde, mfuga nyuki, aliyekuja na wito umekunjwa ndani ya kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye kalamu ya serikali? Basi niandikie vizuri, nimetembea tangu alfajiri."

Alidaiwa shilingi mia tatu na tisini, salio la cherehani aliyokopa kwa Bwana Sefu, mwenye duka wa mjini. Bwana Sefu alikuwa amefariki. Mpwa wake, Hamadi, alirithi duka na daftari la mikopo, akaanza kuwashtaki wadaiwa mmoja mmoja. Cherehani hiyo ilikuwa mikononi mwa Kabula, binti wa Malunde, mjane mwenye watoto wanne. Aliwashonea watu wa kijiji kizima. Malunde hakuwa na kitu kingine cha kukamatwa ila baiskeli mbovu: mizinga yake ilibaki msituni walipohamishwa.

"Mara ya mwisho kulipa ilikuwa lini?" nilimuuliza.

"Mwaka wa nane huu. Deni silikatai, mwanangu. Bwana Sefu mwenyewe hakuwahi kunidai."

Nilikuwa nimesoma juu ya ukomo wa muda: deni la namna ile lisipopelekwa mahakamani ndani ya miaka sita, mlango wa kudai unafungwa. Nikamweleza.

"Unafungwa hata kama deni ni la kweli?"

"Hata kama ni la kweli."

"Hakimu ataniona mwizi. Andika na asali."

"Asali gani?"

"Kila msimu nikirina, debe la kwanza lilikuwa la Bwana Sefu, mpaka mwaka ule tulipohamishwa. Mtu anayekudai humwendei mikono mitupu. Andika, ijulikane kwamba sikumkimbia."

Niliandika. Aya ya nne ilisema muda umepita. Aya ya tano ilieleza asali, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Nilimsomea, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akabonyeza kidole gumba kwenye wino. Nilikwenda nyumbani nikijiona wakili.

Siku ya kesi Hakimu wa Wilaya alisoma karatasi kimya. Alipofika chini alirudi juu, akasoma tena.

"Bwana Hamadi, fungua daftari la mjomba wako. Kuna asali humo?"

Hamadi alipekua. "Ipo, mheshimiwa. 'Malunde, asali debe moja, punguza shilingi nane.' Ya mwisho ni ya miaka minne iliyopita."

"Ilikuwa zawadi!" Malunde alisema.

"Nakuamini, mzee. Lakini aliyeipokea alikupunguzia deni, na wewe umeandika hapa kwamba ulimpelekea kwa kuwa anakudai. Hayo ni malipo ya sehemu. Kila malipo ya sehemu yanaanzisha hesabu ya miaka upya. Miaka sita haijatimia."

Kwenye daftari peke yake, neno la marehemu lingeweza kupingwa. Mimi ndiye niliyelithibitisha. Jioni ile nilifungua kile kitabu cha sheria. Habari za malipo ya sehemu zilikuwa ukurasa uliofuata ule wa miaka sita. Haukuwa umechanika. Sikuwa nimeufungua tu.

Hati ya kukamata mali niliiandaa kwa mkono wangu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Dalali wa mahakama alikuja kuibeba cherehani ikiwa na gauni la mtoto bado limeshikwa na sindano. Kabula alimwomba amalizie pindo, akamruhusu. Bei ya mnada haikutosha, Malunde akauza na baiskeli.

Msimu uliofuata alikuja ofisini na chupa ya asali ya mzinga mpya.

"Mtu aliyekuandikia humwendei mikono mitupu," alisema.

Niliipokea. Sikuiandika popote.

Sasa nimestaafu. Majirani huniletea barua za kujibu, na vijana huniuliza siri ya kazi. Huwaambia wafungue ukurasa unaofuata. Mzee Malunde amekwisha kufariki. Namba ya jalada lake naikumbuka, na jumla iliyoandikwa mwisho, deni pamoja na gharama za kesi: shilingi mia nne kumi na nane na senti hamsini.