Samaki wa mama yangu ameitwa uchawi

Admin, naomba unifiche. Leo ni Jumatano, naingia mwaka wa nne tangu nitoke kwetu, kijiji cha wavuvi upande wa Pangani. Nina miaka thelathini na moja, shule niliishia la tano, napakia malori hapa Rusumo. Mke wangu ni Mhangaza, mwenyeji wa huku, kwao Ntobeye.

Mwezi uliopita tulipata mtoto wa kiume. Mama akatuma samaki mzima, changu, aliyembanika mwenyewe. Kwetu samaki wa uzazi hujazwa chumvi na pilipili manga, akashonwa mdomo kwa ukindu ili visimwagike juu ya moshi. Hutundikwa juu ya kitanda cha mzazi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, ndipo mzazi apikiwe supu. Nikamtundika bila kumweleza mtu. Kwetu nani asiyejua?

Mtoto akawa hanyonyi. Shemeji, kaka wa mke wangu, akaja na wenzake kumwona. Akainua macho.

"Shemeji, huyu samaki nani kamshona mdomo?"

"Mama yangu."

"Na mtoto hafungui mdomo! Watu wa Tanga tunawasikia, kumbe dada tumemwoza kwa wachawi!"

Sikumaliza kujibu. Walinivuta miguu, kichwa kikigonga kizingiti. Magongo, mateke, mawe. Mkono wa kushoto ulivunjika, nikausikia. Shemeji anacheka, "Mwite mama yako aje na ungo!" Nikaokota mchi kwa mkono uliobaki nikampiga nao taya. Damu yake ilinirukia usoni na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Majirani wakatuamua. Shemeji na wenzake wakamchoma moto yule samaki, wakaondoka na mke wangu na mtoto.

Kinachoniua ni hiki. Juzi mke wangu kapiga simu: "Tangu samaki achomwe, mtoto ananyonya." Nikamkumbusha kuwa nesi aliyemzalisha alisema maziwa yake yatachelewa kutoka. Kisha akasema, "Wazee wa kwetu wanataka uje ukiri kwamba mama yako alimfunga mtoto mdomo kwa uchawi. Ukikiri tunarudi. Ukikataa, kaka kaapa atakukata mapanga."

Mama amewabanikia samaki wazazi wa kijiji kizima. Nimwite mchawi mbele ya watu ili nimpate mwanangu? Au nimtetee, wanikate, mtoto akulie huko akiambiwa bibi yake alitaka kumuua?

Nyie mliooa ugenini, niambieni nikawajibu nini wale wazee. Naenda kwao Ntobeye Jumamosi asubuhi. Jioni hiyohiyo nitakuwa nimerudi Rusumo, kama wataniacha nirudi.